Kamati ya Kufuta

Merrill Ostrander alikuwa mtunza kompyuta wa Chuo cha Wexbury, huko New Jersey. Kompyuta yenyewe ilikaa chini kabisa ya jengo la hisabati, ukuta mmoja na tanuri la kupashia jengo joto. Kwa cheo, Merrill alikuwa chini ya mkuu wa chuo, chini ya wakuu wa idara, chini hata ya mkutubi. Kwa mamlaka hasa, hakuna aliyemfikia. Kila aliyetaka kuandika chochote kwenye mashine ilimlazimu ashuke ngazi, aketi mbele ya teletaipu, na afanye kama Merrill alivyosema.

Hizo teletaipu zilikuwa mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta kwa waya, na zilikuwa na kelele kama ya cherehani kumi zinazogombana. Ulichoandika kilichapwa kwenye karatasi, na jibu la kompyuta likachapwa hapohapo chini yake. Karatasi ikishachapwa imechapwa, kwa hiyo Unix, mfumo ulioendesha kompyuta ile, ulikuwa na namna yake ya kusamehe makosa. Ukikosea herufi, unapiga alama ya reli, hii #, na kompyuta inaelewa kwamba herufi iliyotangulia isihesabiwe. Ukiharibu mstari mzima, unapiga @, na mstari wote unakuwa kama hukuuandika.

Merrill hakuutunga utaratibu huo. Ulifika chuoni pamoja na mfumo, ndani ya boksi moja la tepu. Lakini wapo watu wanaopokea kitu cha wengine wakakilinda kuliko wenyewe, na Merrill alikuwa mmoja wao. Ujana wake aliumalizia katika jeshi la majini akipiga teletaipu, na alama za kibodi alizijua kama watu wengine wanavyowajua shangazi zao: nani mkali, nani mpole, nani alizaliwa wapi. Ukimwuliza kwa nini ukibana kitufe cha kontroli pamoja na G kengele inalia, alikueleza habari za wapiga teletaipu wa zamani waliokuwa wakisinzia kazini mpaka waamshwe kwa kengele. Kontroli na D ilikuwa ni mtu wa upande wa pili kusema nimemaliza kutuma. Kontroli na S ilisimamisha utepe, kontroli na Q ikauendesha tena. Alikueleza haya hata kama hukumwuliza, na alikueleza umesimama, umeshika koti, unataka kwenda kula.

Malalamiko yalipokuja, alikuwa na jibu moja.

"Weka mkwaju wa nyuma kwanza," alisema, akionyesha kwenye kibodi kile kistari kilicholala, hiki \. "Mkwaju wa nyuma, halafu reli. Mashine itaiacha reli kama reli. Imeandikwa kwenye kitabu."

Profesa Adelheid Zoller wa idara ya muziki aliambiwa hivyo siku yake ya kwanza, akasahau siku hiyohiyo.

Alikuwa mama wa makamo, amekuja Marekani kutoka Leipzig akiwa msichana, na alikuwa amepewa kazi ya kuorodhesha maktaba ya muziki wa piano ambayo Bibi Lavinia Schuyler, mjane tajiri wa mji ule, alikitunukia chuo. Sasa, watu wa muziki wanaitumia alama ya reli kwa kazi yao wenyewe. F# ni noti ya F iliyopandishwa kidogo. Profesa Zoller alishinda majira yote ya baridi huko chini, blanketi magotini, akiandika sonata ya F# maina, prelyudi ya C# maina, wimbo wa G# maina, maina ikiwa ni aina ya ngazi ya sauti. Kila akitazama karatasi iliyotoka kwenye teletaipu aliona kila kitu kiko sawa, maana karatasi ilichapa alichopiga. Kompyuta nayo, kila ilipokutana na reli, ilimeza herufi iliyotangulia, ikanyamaza.

Alijua siku orodha ilipochapwa yote. Alimfuata Merrill akiwa na bunda la karatasi kifuani.

"Bwana Ostrander. Hebu nisomee hapa."

Merrill alisoma. "Sonata ya. Halafu maina."

"Sonata ya nini maina?"

"Haisemi."

"Naona haisemi. Niliandika F. Iko wapi F yangu?"

"Uliifuta, Profesa. Ulipiga F, kisha ukapiga reli. Mashine imekutii."

"Mashine imenitii," alisema Profesa Zoller polepole, kama anayeonja mchuzi ulioharibika. "Nimewaandikia vipande vya watunzi waliokufa mpaka vidole vyangu vimetoka vidonda, na wewe unaniambia mashine imenitii."

"Ungeweka mkwaju wa nyuma kwanza."

Profesa Zoller alilikumbatia tena bunda lake, akapanda ngazi. Merrill alirudi kwenye kiti chake akiwa na amani kamili ya moyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba sheria ikishawekwa, anayeumia ni yule asiyeisoma.

Mwaka uliofuata Bibi Schuyler alisikia kwamba huko chini watu walikuwa wakiandika kwenye mashine zenye kelele, akatoa zawadi nyingine: terminali za kioo, kama televisheni ndogo zenye kibodi, ambapo maandishi yanawaka kwa rangi ya kijani badala ya kuchapwa. Mkuu wa chuo, Dakta Royce Hadley, aliandaa sherehe hukohuko chini. Palikuwa na mvinyo, jibini kwenye vijiti, na Bibi Schuyler mwenyewe ndani ya koti la manyoya, ameketishwa kiti cha mbele ili amwone mkuu akimwandikia barua ya shukrani kwenye kioo, mbele ya macho yake.

Dakta Hadley alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoagiza kahawa. Merrill alimfungulia programu ya barua, akasogea pembeni. Mkuu akaanza kuchapa kwa vidole viwili. Katika mstari wa pili alikosea. Akaitazama kibodi, akaona kitufe kimeandikwa kwa herufi kubwa FUTA, akakipiga. Mtu mwingine yeyote mwenye akili zake angefanya hivyohivyo.

Lakini kitufe hicho kwenye Unix hakikufuta herufi. Kilisimamisha programu. Barua ilikufa palepale, na mashine ikakaa ikingoja amri. Dakta Hadley hakujua. Aliona kosa lake halikuondoka, akapuuza, akaendelea kuandika, na sasa kila mstari aliouandika mashine iliuchukua kama amri, ikalitafuta neno la kwanza katika amri zake, isilione.

Aliandika: Lavinia Schuyler ni rafiki wa kweli wa chuo hiki.

Kioo kikajibu: Lavinia: haijulikani.

Wageni wakasogea. Dakta Hadley akakohoa, akaandika: Ukarimu wake hauna kifani.

Ukarimu: haijulikani.

"Inamjibu?" aliuliza Bibi Schuyler. "Mbona inanisema vibaya?"

"Ni mashine tu, mama," alisema mkuu wa chuo, shingo ikianza kuiva. "Ostrander, inasema nini hii?"

"Umeua barua, Dakta. Ulipiga FUTA."

"Nilitaka kufuta."

"Kufuta ni reli."

Upande wa nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Alikuwa Norm Petrillo, mwalimu wa hisabati, mtoto wa Newark, ambaye alikuwa amekula jibini peke yake karibu nusu sahani.

Bibi Schuyler alivaa glavu zake. Aliwaaga wote kwa adabu, na chuo hakikupata barua kutoka kwake mpaka Pasaka.

Jumatatu Dakta Hadley aliunda Kamati ya Muda ya Alama ya Kufuta. Kamati ilipewa chumba chenye dirisha la kutazama bustani, kahawa, na donati, na wajumbe wanne: mkuu mwenyewe kama mwenyekiti, Profesa Zoller kwa niaba ya walioumizwa, Petrillo kwa niaba ya hisabati, na Merrill kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwacha nje. Kazi yake ilikuwa kuamua, mara moja na kwa chuo kizima, kitufe gani kifute.

Unaweza kudhani hilo ni jambo la asubuhi moja. Theluji ya kwanza iliikuta kamati inakaa, na theluji ya mwisho iliiacha inakaa.

Profesa Zoller msimamo wake ulikuwa mfupi. "Kitufe kimeandikwa FUTA. Mimi nataka kifute. Sijui kama naomba makubwa."

Petrillo alitaka kontroli na H, kwa sababu ndiyo alama ya kurudi nyuma hatua moja, na kurudi nyuma ndiko anakofanya mtu anapokosea. Alilitetea hilo kwa michoro ubaoni. Dakta Hadley alitaka kitufe ambacho hakitamwudhi mtu yeyote, na kila baada ya kikao aliuliza kama hakipo.

Merrill alikuja na utepe. Alikuwa ameuhifadhi tangu jeshini, utepe wa karatasi wa kutobolewa matundu, aliouzungusha mkononi kama mshonaji. Aliunyoosha mezani kati ya donati.

"Kabla hamjaamua lolote kuhusu kitufe hicho cha FUTA, ni vizuri mjue kilikotoka," alisema. "Zamani ujumbe ulitobolewa kwenye utepe kwanza. Kila herufi ina matundu yake. Sasa ukishatoboa tundu, nani ataliziba? Hakuna. Kwa hiyo mtu akikosea alirudisha utepe nyuma, akapiga kitufe hiki, kikatoboa matundu yote saba kwenye mstari ule. Mashine ya kusoma ikiona saba, inapita. FUTA haikumaanisha ondoa. Ilimaanisha hapa nimeharibu, usisome."

"Na hiyo inatuhusu vipi leo?" aliuliza Petrillo. "Nani hapa ana utepe?"

"Mimi ninao."

"Kaka, wewe unao kwa sababu huwezi kutupa kitu. Nimekiona kile kikombe chako kilichovunjika mkono."

"Watu wa Unix walikikuta kitufe hakina kazi," aliendelea Merrill kana kwamba hakusikia, "wakakipa kazi ya kusimamisha programu. Mkikipa kazi ya kufuta, programu itasimamishwa na nini?"

"Kontroli na C. Wenzetu kwingine ndiyo wanayotumia."

"Wenzetu kwingine," alisema Merrill, na akayafanya maneno hayo yanuke.

Dakta Hadley alikuwa amefumba macho. Ndipo Merrill alisema kitu ambacho hakukipanga. Alikuwa anaukunja utepe wake.

"Kwenye karatasi, ukikosea, kosa linabaki pale na reli ubavuni mwake. Mtu akipita anaona ulikosea, ukajisahihisha. Kwenye hivi vioo herufi inatoweka, na kila mtu anatoka humo ndani amekuwa hodari. Sijui kama ni jambo zuri, watu wote kuwa hodari namna hiyo."

Profesa Zoller, aliyekuwa akichora noti kwenye kona ya karatasi yake, aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu habari ya sonata alimtazama Merrill bila hasira. Angeweza kumwachia neno jema hapo, na pengine alikusudia. Badala yake akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa moyoni vikao vitatu.

"Bwana Ostrander, ni lazima tukubaliane?"

"Kivipi, Profesa?"

"Namaanisha, mashine haiwezi kuruhusu kila mtu atumie kitufe chake? Mimi FUTA, huyu H yake, wewe reli yako?"

Merrill akachukua donati, akairudisha.

"Inawezekana," alisema.

"Kwa kazi kubwa?"

"Kuna amri. Mtu anaiandika mwenyewe, mstari mmoja. Anasema kitufe changu cha kufuta ni hiki, basi."

"Tangu lini?"

"Imekuwapo."

"Tangu lini, Bwana Ostrander?"

"Tangu mfumo ulipofika."

Dakta Hadley alifumbua macho. Petrillo aliiweka chaki chini taratibu, kama mtu aliye karibu na nyoka aliyelala.

"Nilipokuja kwako na orodha yangu," alisema Profesa Zoller, "nikakuuliza iko wapi F yangu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Hukuuliza hilo, Profesa. Hakuna aliyeuliza." Alipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake hayakuwa na nguvu aliyodhani yatakuwa nayo. Aliongeza, "Nilifikiri ni bora wote tufanye kwa namna moja."

"Kwa namna yako," alisema mama yule.

Kura ilipigwa hapohapo. Kila mtu achague kitufe chake. Dakta Hadley alifurahi sana, kwa kuwa hatimaye amepata uamuzi usiomwudhi mtu, akamshukuru kila mmoja kwa hekima yake, na akatangaza kwamba kamati itaendelea kukutana ili kufuatilia.

Yaliyofuata Merrill aliyatazama kwa raha ambayo hakuificha. Kila mtu alichagua. Mkutubi alichagua kitufe cha kurudi nyuma. Watu wa kemia walichagua FUTA, wakagombana wenyewe kwa wenyewe, nusu wakahamia kontroli na H. Mzee mmoja wa idara ya Kilatini alichagua alama ya kuuliza, na tangu siku hiyo hakuweza kuuliza mashine jambo lolote. Na kwa kuwa terminali zilikuwa chache, mtu aliondoka bila kujitoa kwenye mfumo, mwingine akakaa palepale, akaandika, akafuta, na kufuta kukafanya mambo ya ajabu. Vioo vilijaa vikaratasi vilivyobandikwa: hapa FUTA inafuta, hapa FUTA inaua, hapa usiguse kitu niko chooni narudi.

Merrill alikaa kwenye kona yake na reli yake na @ yake, kioo chake akikiacha kionyeshe kila alichopiga bila kuondoa herufi, kama karatasi ya teletaipu, akingoja waje kumbembeleza arudishe sheria ya zamani. Hakuja mtu. Watu wale walilalamika asubuhi, mchana wakazoea. Jambo hilo lilimkera kuliko kupigiwa kura.

Norm Petrillo hakuwa na chuki naye. Alikuwa tu mtu asiyeweza kupita karibu na mlango ulio wazi bila kuchungulia. Siku moja Merrill alikwenda kula akaacha terminali yake wazi. Petrillo akaketi, akafungua faili ambalo mashine hulisoma kila Merrill anapoingia, akaongeza mstari mmoja, akauamuru uanze kazi palepale, akaondoka na mikono mfukoni. Mstari ulisema kwamba kuanzia sasa kitufe cha kufuta cha Merrill Ostrander ni herufi e.

Katika lugha ya watu wale hakuna herufi inayotumika kama e. Merrill alirudi, akaandika taarifa kwa mkuu wa chuo, taarifa aliyoisuka kichwani wiki nzima, yenye kichwa kuhusu madhara ya kila mtu kufanya atakavyo. Aliisoma kwenye kioo, ikawa nzuri, kila herufi mahali pake. Akaituma. Kisha akaiambia mashine imwonyeshe tarehe, na mashine ikamwambia haijui amri hiyo. Alijaribu amri nyingine, ikatii. Nyingine, ikakataa. Aliingia na kutoka, akaingia tena, mambo yakawa yaleyale. Baadhi ya amri zilifanya kazi na nyingine hazikufanya, na hakuona mpangilio wowote. Kwa uzoefu wake wote hilo lilikuwa na maana moja: kumbukumbu ya mashine imeanza kuoza.

Aliizima kompyuta. Hakuuliza mtu, kwa sababu hakuwa na desturi hiyo. Watu waliokuwa wakiandika walishtukia vioo vimeganda. Ofisi ya mkuu ilikuwa katikati ya taarifa ya mwaka. Profesa Zoller alikuwa ameanza kuirudia orodha yake ya muziki, sasa kwa kitufe cha FUTA kilichofuta, na ukurasa wa asubuhi ile ukaenda na maji. Merrill hakusikia kelele zao. Alikuwa magotini mbele ya kabati la mashine, akichomoa kadi za kumbukumbu moja moja, akizipangusa, akizirudisha, jasho la tanuri la jirani likimtiririka kwenye kola.

Siku ya pili bado alikuwa pale. Dakta Hadley alishuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu sherehe. Mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa kabla mashine haijazimwa.

"Ostrander, umelewa?"

"Hapana, Dakta."

"Hii taarifa umeniandikia wewe?"

Merrill aliichukua. Jina la Hadley lilikuwa Hady. Mwisho kabisa ilikuwa imetiwa sahihi na mtu anayeitwa rrill Ostranr. Kati ya hapo na juu, maneno yalikuwa kama meno ya mtu aliyeanguka na baiskeli.

Aliisoma mara mbili, na kabla ya kuimaliza mara ya pili alishajua. Si nani, bali nini. Akakaa chini sakafuni.

Petrillo alikuwa amejisogeza mlangoni. Tangu jana alikuwa akitafuta namna ya kusema, na kila saa iliyopita ilifanya jambo liwe gumu zaidi.

"Nilidhani utagundua kwa dakika moja," alisema. "Kusema kweli, wewe. Ningemfanyia mtu mwingine ningeogopa. Wewe si ndiye unayezijua zote, na kengele na nini."

"Ungetakiwa kuniambia jana."

"Jana ulikuwa na bisibisi mkononi."

Dakta Hadley hakuelewa vizuri, akataka aelezwe, akaelezwa na watu wawili kwa pamoja, na alipoelewa alikasirika na wote wawili kwa kiasi kilekile, ambayo ndiyo ilikuwa namna yake ya haki.

Profesa Zoller alikuwa amefika wakati wa maelezo hayo. Merrill alipomwona alinyanyuka, akapangusa magoti. Alitegemea kuambiwa aweke mkwaju wa nyuma kwanza, na alikuwa amejiandaa kuupokea. Mama yule hakusema hivyo.

"Ulitazama kioo ukaona kila kitu kiko sawa," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi niliona hivyo majira mazima ya baridi."

"Nimekuelewa, Profesa."

"Sijui kama umenielewa. Umekuwa humo siku mbili tu."

Alhamisi Merrill alipanda hadi idara ya muziki, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akagonga. Alisema kama anataka, atakaa naye wakati wa mchana amsomee kutoka kwenye makaratasi ya Bibi Schuyler huku yeye akiandika. Profesa Zoller alimwambia kwamba mtu wa mashine hawezi kusoma noti. Merrill alisema anaweza kuhesabu reli mwanzoni mwa mstari, na kama ni reli, anazijua. Mama alifikiri kidogo, akaondoa kofia yake kwenye kiti cha pili.

Walifanya hivyo mpaka miti ikaota majani. Hawakuwa marafiki. Profesa alimsahihisha Merrill kila alipotamka jina la Kijerumani, na hakukuwa na jina lililomtoka vizuri. Mara moja, walipofika kwenye prelyudi ya C# maina, mama yule aliinuka akaenda kwenye piano akamchezea, ili, alisema, ajue alichokuwa amekimeza. Merrill alisikiliza mikono iko mapajani. Alisema ni nzuri lakini ni ya huzuni. Profesa Zoller alisema hiyo inatokana na noti ambazo mashine yake ilikuwa imezitupa.

Wakati huo Dakta Hadley alikuwa ameshaamua mambo yake. Hakumfukuza Merrill, maana kumfukuza mtu kulihitaji kikao. Alinunua kompyuta nyingine. Kampuni iliyoiuza ilileta vijana wenye tai, na mfumo wao wenyewe, na kibodi zao wenyewe. Kitufe cha kufuta kilikuwa kimoja kwa watu wote, hakibadilishwi, kiko pembeni juu kushoto, na hakikuwa chochote kati ya vile ambavyo kamati ilivibishania. Hakuna aliyelalamika. Petrillo alisema hadharani kwamba ni kibaya kuliko vyote, kisha akakitumia.

Merrill alipewa cheo cha mshauri na meza karibu na dirisha, bila kompyuta. Aliishika meza hiyo hadi mwisho wa muhula, akaandika barua ya kuacha kazi kwa kalamu. Alipata nafasi kwenye ofisi ya bima huko Newark, ghorofa ya sita, ambako bado walikuwa wakitumia kadi za karatasi za kutoboa matundu. Petrillo, ambaye mama yake alikaa mitaa ya jirani, alimpitia mara moja wakaenda kula sandwichi za pilipili na soseji.

"Huko mnafutaje?" aliuliza Petrillo, mdomo umejaa.

"Hatufuti."

"Mtu akikosea je?"

"Anaitupa kadi, anaanza nyingine. Chini ya kila meza kuna pipa. Jioni mapipa yanakuwa yamejaa, yote, hata la msimamizi."

"Na unaipenda kazi hiyo."

"Ni kazi nzuri," alisema Merrill, akaomba haradali.

Kule Wexbury, Kamati ya Muda ya Alama ya Kufuta bado inakutana. Hakuna aliyekumbuka kuivunja. Profesa Zoller ndiye mwenyekiti sasa, na amewabadilishia donati kwa keki ya zabibu anayoioka mwenyewe, ambayo wajumbe wanaisifu na kuila kidogo.